Jiko jepesi la kuni lina wateja, mafundi wetu wafuate vipimo

KILA kiangazi, nyasi zinapokauka na mizinga ikiwa imejaa, warina asali wa Sikonge, Urambo na Mlele hufunga mizigo kwenye baiskeli na kuingia porini kwa wiki kadhaa. Hubeba unga, chumvi, ndoo za asali, turubai la kulalia na sufuria mbili tatu. Jiko hawabebi. Wakifika kambini hutafuta mawe matatu, hukokota magogo na kuwasha moto ambao mara nyingi hauzimwi mpaka siku ya kurudi nyumbani.

Hali ni hiyo hiyo kwa wavuvi wanaohamia dago, kwa wakulima wa mpunga wanaolala mashambani bonde la Kilombero wakiamia ndege, kwa wachungaji wanaofuata malisho, na hata kwa mama lishe anayehama na masufuria yake kutoka mnada mmoja kwenda mwingine. Ni watu wengi, ni wazalishaji, na msimu ukiwa mzuri fedha ya kununua kifaa wanayo. Lakini ukipita kwenye maduka ya vyombo ukaulizia jiko la kuni lililo jepesi, la kufungwa kwenye baiskeli, mara nyingi utaoneshwa jiko la mkaa au la gesi.

Maoni yetu ni kwamba hapo pana biashara iliyoachwa wazi. Jiko la aina hiyo linaweza kutengenezwa na fundi bati wa Gerezani, wa Kamukunji au wa mji wowote mdogo wa wilaya, kwa mkasi, nyundo na ribiti alizonazo leo. Kinachopungua ni vipimo, na bila vipimo jiko hilo litakuwa kopo jingine la bati lenye moshi.

Msomaji anaweza kutuuliza: kwa nini tuzungumzie kuni wakati Serikali inahimiza gesi? Ni swali la haki. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaokwenda hadi mwaka 2034, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka huo asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi. Lengo hilo tunaliunga mkono. Anayepikia nyumbani, mahali ambapo mtungi hubadilishwa dukani, na ana uwezo wa kuulipia, hana sababu ya kung'ang'ania kuni. Lakini mtungi mdogo wa kilo 6 za gesi ukijaa una uzito wa zaidi ya kilo 12 ukijumlisha na chuma chake, na ukiishia katikati ya msitu hakuna duka la kuubadilisha. Mrina asali mwenye baiskeli moja ataona ni afadhali abebe ndoo ya asali. Hatuwezi kumlaumu.

Isitoshe, hata lengo hilo likifikiwa kikamilifu, mtu mmoja kati ya watano atakuwa bado nje yake. Ni rahisi kukisia kwamba watu wa kambini watakuwa miongoni mwao.

Wapo watakaosema kuni za porini ni bure, basi akiba ya nini? Tupige hesabu. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 kunahitaji nishati ya kilojuli 335 hivi. Kilo 1 ya kuni zilizokauka vizuri kwa hewa ina kilojuli kama 16,000. Kwa hiyo, kama joto lote lingeingia kwenye maji, gramu 21 za kuni zingetosha, yaani kijiti chenye unene wa kidole na urefu wa kiganja. Kwenye mafiga yaliyo mahali pa wazi penye upepo, joto linaloingia kwenye sufuria ni kama asilimia 10, pengine 15 mpishi akiwa makini. Hapo lita hiyo moja inakula gramu 140 hadi 210. Jiko la chuma lililopimwa vizuri hufikia asilimia 25 hadi 30, na hapo zinatosha gramu 70 hadi 85.

Hayo ni maji ya chai. Kwenye maharage mambo ni makubwa zaidi, kwa sababu kila lita ya maji inayopotea kwa mvuke inakula nishati karibu mara saba ya ile iliyotumika kuichemsha. Mpishi anayetokosa maharage saa tatu huku mfuniko umeegemezwa kwenye mti anapika mawingu. Jiko liwe la aina gani, mfuniko ni sehemu yake, na fundi anayeuza jiko amwambie mteja hivyo hivyo.

Sasa, nani analipa gharama ya kuni zinazoitwa bure? Katika kambi ya watu watano, mara nyingi mmoja wao hutumia sehemu ya siku akitafuta kuni, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo anavyozifuata mbali zaidi. Siku hiyo angeweza kuwa mzingani. Kuna na hasara kubwa kuliko hiyo: moto wa wazi ulioachwa ukifuka katikati ya nyasi kavu za miyombo, upepo ukavuma. Mzinga wa magome ukiungua umeungua, na msitu uliokuwa utoe maua ya msimu ujao umeungua pamoja nao. Jiko lenye kuta hushika makaa ndani yake. Halimwondolei mtu wajibu wa kufyeka nyasi kulizunguka, lakini linapunguza sana nafasi ya cheche kuruka.

Tunao mfano karibu wa jinsi jiko linavyoweza kuenea, na wa jinsi linavyoweza kukwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Kenya, jiko la mkaa lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, ambalo wazo lake lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, lilipelekwa kwa mafundi wa jua kali. Mafundi hao walikuwa tayari wanatengeneza majiko ya bati, kwa hiyo hawakuhitaji kiwanda. Jiko likaenea mijini, likavuka mpaka, na kwetu likaja kuitwa Jiko Bora. Majiko ya kuni ya wakati ule hayakwenda kwa kasi hiyo. Sababu, kwa maoni yetu, ni ya kiuchumi zaidi kuliko ya kiufundi: mnunuzi wa mkaa aliiona akiba mfukoni ndani ya wiki chache, ilhali mwokota kuni hakuona shilingi yoyote ikirudi.

Fundi anayetaka kuanza na jiko la kuni la kubeba asianze kwa mrina asali, basi. Aanze kwa mama lishe wa mnadani, kwa sababu yeye kuni ananunua. Tuchukue mfano wa mama lishe anayenunua kuni za shilingi 4,000 kila siku ya mnada, na anazunguka minada minne kwa wiki. Hesabu ya maabara inasema jiko lingempunguzia nusu ya kuni, lakini maabara haina wateja wanaodai supu, kwa hiyo tuseme anaokoa theluthi moja tu. Hiyo ni kama shilingi 1,330 kwa siku, au 5,300 kwa wiki. Jiko la shilingi 35,000 litakuwa limejilipa katika wiki ya saba. Kila msomaji aweke bei za mahali pake. Hesabu ni ile ile.

Lakini jiko hilo likiwa la bati la debe, likatoboka wiki ya nane, mama huyu amepata faida ya wiki moja na usumbufu wa kutafuta jingine. Hapo ndipo penye mvutano mkubwa katika kubuni jiko la kubeba: wepesi unataka bati jembamba, na moto unataka bati nene. Tutarudi hapo baada ya kueleza umbo lenyewe.

Kanuni za jiko hili si siri. Zilipangwa miaka ya 1980 na Larry Winiarski, mtaalamu wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, na leo zinafuatwa katika nchi nyingi kwenye majiko yanayoitwa ya roketi. Umbo ni la kiwiko. Mdomo wa kulishia kuni umelala, na chumba cha moto kimesimama wima mwishoni mwake kama dohani fupi. Kuni zinaungua ncha tu, na mpishi anazisukuma kidogo kidogo. Moto unapopanda unavuta hewa, na zile gesi zinazofuka kutoka kwenye kuni zinapata joto na nafasi ya kuungua kabla ya kugusa sufuria. Moshi mwingi tunaouona kwenye mafiga ni kuni zilizokimbia bila kuungua.

Kwa kambi ya watu wanne hadi sita, chumba chenye kipenyo cha sentimita 11 na urefu wa sentimita 25 kinatosha, na mdomo uwe na kipenyo hicho hicho. Ni rahisi fundi kuteleza hapa. Mteja anamwomba mdomo mpana ili magogo yaingie, naye kwa kutaka kumridhisha anaupanua mpaka sentimita 18 au 20. Hewa baridi inaingia kupita kiasi, chumba kinapoa na moshi unarudi usoni kwa mpishi. Mdomo mdogo unamlazimisha mpishi kupasua kuni ziwe na unene wa kidole gumba, na akiba yote inategemea hilo. Unampa pia uhuru wa kutumia vitu ambavyo kwenye mafiga huungua ovyo: vigunzi vya mahindi, mabua ya mbaazi, matawi yaliyopogolewa ya mibuni, na kwa watu wa pwani vifuu. Mkulima anayelala shambani ana nishati hiyo miguuni pake.

Ndani ya mdomo kuwe na kichanja cha bati kinachougawa mara mbili, kuni zikae juu na hewa ipite chini yake mpaka kwenye moto. Kichanja hicho kifungwe kwa waya kwenye mwili wa jiko, maana kikiwa huru kitapotea safari ya kwanza.

Kati ya ukingo wa juu wa chumba na kitako cha sufuria iachwe nafasi iliyo sawa na robo ya kipenyo cha chumba. Kwa kipenyo cha sentimita 11 hiyo ni kama sentimita 2.7. Kwa nafasi hiyo njia ya moto inabaki na eneo lile lile kutoka chumbani mpaka chini ya sufuria. Nafasi ikiwa kubwa, joto linatawanyika pembeni. Ikiwa ndogo, moto unakaba na kutokea mdomoni. Kisha mkanda wa bati uzunguke sufuria, ukiacha nafasi ya kama sentimita 1, ili hewa ya moto ipande ikilamba ubavu wa sufuria badala ya kupeperuka. Wakati wa safari mkanda huu hukunjwa na kutiwa ndani ya sufuria. Kwa mvuvi wa dagoni, ambako upepo wa ziwa haukomi, mkanda huo pekee una thamani ya nusu ya jiko.

Jambo linalochanganya wengi ni lile la kuzuia joto lisipotee kwenye kuta. Kuna imani kwamba udongo mzito hutunza joto, hivyo fundi hujaza udongo kati ya kuta mbili za bati. Udongo mzito hauzuii joto, unalinyonya. Katika mapishi ya nusu saa, sehemu kubwa ya moto wa mwanzo inaishia kupasha udongo, halafu mpishi anaondoka na udongo unabaki na joto ambalo halina kazi. Kinachozuia joto ni kitu chepesi chenye hewa nyingi iliyonaswa ndani yake, na kilicho rahisi kuliko vyote ni majivu ya kuni yaliyochekechwa.

Majivu yana faida nyingine ambayo kwa jiko la kubeba ni kubwa mno: hayahitaji kusafirishwa. Nafasi kati ya chumba chenye kipenyo cha sentimita 11 na ukuta wa nje wenye kipenyo cha sentimita 22 na kimo cha sentimita 28 ni kama lita 8. Ikijazwa majivu, jiko linaongezeka kilo kadhaa. Kwa hiyo liwekewe mfuniko wa duara juu, unaofunguka. Mtu asafiri na jiko tupu, akifika kambini ajaze majivu ya moto wake wa kwanza, na siku ya kuondoka ayamwage yakiwa yamepoa. Kumwaga majivu yenye makaa kwenye nyasi kavu kutafuta faida yote tuliyoisema kuhusu moto wa msitu.

Sasa turudi kwenye bati. Chuma chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kama kilo 7.9 kwa mita moja ya mraba. Cha milimita 0.5 ni nusu yake. Jiko lenye vipimo tulivyotaja linakula kama mita 0.4 za mraba. Likitengenezwa lote kwa bati la milimita 1, pamoja na vijiguu vya kushikia sufuria, linafika kilo 3.5. Likitengenezwa lote kwa bati jembamba linashuka chini ya kilo 2, lakini chumba cha moto kitaliwa mapema, na kadiri kinavyozungukwa vizuri na majivu ndivyo kinavyopata joto kali zaidi na kuliwa upesi zaidi.

Dawa yake ni kugawanya. Chumba cha moto na mdomo vitengenezwe kwa chuma cha milimita 1, na ukuta wa nje, ambao haugusi moto, uwe wa milimita 0.5. Jiko zima linakuwa na kilo 2.5 hivi. Na chumba kisichomelewe moja kwa moja. Kishikwe kwa ribiti chache au kwa vibano vya bati ili kikichakaa mteja arudi kununua chumba peke yake. Fundi mwenye akili ya biashara ataona upesi kwamba chumba cha pili na cha tatu ni mauzo ambayo hakuyatafuta.

Chuma cha milimita 1 kinapatikana kwenye mapipa ya lita 200, ambayo ubavu wake huwa na unene wa karibu kiasi hicho. Pipa moja linaweza kutoa vyumba kumi. Lakini pipa lililobeba viuatilifu lisiguswe kabisa kwa kazi ya jiko, na lililobeba petroli lisikatwe kwa moto, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka na kumuua fundi. Bati la kuezekea, lile la geji 30 lenye unene wa takriban milimita 0.3, lina zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na chumba cha jiko hili hupita joto hilo bila taabu. Ikizidi kuungua, moshi wake humpa mtu homa. Linaweza kufaa kwa mkanda wa kuzuia upepo. Kwenye chumba cha moto halifai.

Yapo majiko mepesi ya kambi yanayotengenezwa Ulaya, Marekani na China, mengine ya titani, ambayo uzito wake haufiki hata kilo moja. Ni kazi nzuri ya ufundi. Lakini mengi yamebuniwa kwa mtembea milimani anayechemsha kikombe cha kahawa na chakula cha pakiti. Kusonga hakujui. Weka sufuria ya ugali wa watu sita juu yake, uanze kugeuza mwiko kwa nguvu, halafu uone. Kwa jiko la kwetu, mtihani wa kweli ni ugali, na fundi anayenakili picha ya jiko la kigeni bila kulifikiria hilo atarudishiwa jiko lake.

Majivu yanasaidia, kwa sababu yakijazwa jiko linapata uzito na kukaa chini. Bado haitoshi. Vijiguu vitatu vya nondo nyembamba vitanuke nje kupita ukuta wa jiko, na kila kimoja kiwe na tundu la kupigilia mambo ardhini kama ya hema. Vishikio vya sufuria juu viwe na meno madogo au vipinde kwa ndani kidogo ili sufuria yenye kitako cha mviringo ikae. Mtu mmoja asonge huku hakuna anayeshika sufuria. Jiko likistahimili hapo, limefaulu.

Kuhusu hema tutasema kwa ukali, kwa sababu hapa kosa moja halirekebishiki. Katika nchi za baridi kama Finland na Kanada watu hulala kwenye mahema yenye jiko la kuni ndani, na jeshi la Marekani lilikuwa na jiko lake la hema tangu miaka ya 1850, lililobuniwa na ofisa mmoja aitwaye Henry Hopkins Sibley. Hayo yote ni majiko yaliyofungwa pande zote, yenye bomba refu linalotoa moshi nje kupitia juu ya hema. Jiko tunalolizungumzia hapa liko wazi juu, halina bomba, na mahali pake ni nje, au chini ya turubai lililo wazi pande zote na lililo juu kuliko kimo cha mtu.

Kaboni monoksidi inayotoka kwenye kuni na makaa haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aliyelala haamki kukohoa kama anavyofanya kwa moshi. Makaa yaliyoacha kutoa moshi ndiyo yanayowadanganya watu wengi. Juni na Julai, baridi ya Makete na Njombe inapouma, vibarua wanaolala mashambani hushawishika kuingiza jiko lenye makaa ndani ya hema na kufunga mlango. Kuacha upenyo mdogo wa zipu hakutoshi. Anayetaka joto usiku achemshe maji, ayatie kwenye chupa yenye kizibo imara, aizungushie kanga na kulala nayo miguuni. Onyo la kutoingiza jiko ndani lichapwe kwa rangi kwenye ukuta wa jiko lenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwa sababu karatasi ya maelezo huwashia moto siku ya kwanza.

Lipo na eneo ambalo jiko hili halina kazi kabisa. Kwenye Mlima Kilimanjaro kukata kuni na kuwasha moto wa wazi kumekatazwa, na wapagazi hupanda na mitungi ya gesi. Katazo hilo ni sahihi na tusingependa kusikia fundi akiwauzia kampuni za utalii jiko la kuni kwa ajili ya mlima huo. Kwenye hifadhi za misitu ambako watu wanaingia kwa kibali, mwenye jiko asidhani kuwa jiko limekuwa kibali cha kukata miti mibichi. Tena kuni mbichi zinaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na maji hayo yote lazima yageuzwe mvuke kwanza kabla sufuria haijapata kitu. Vijiti vilivyokauka vilivyoanguka vinatosha kwa mdomo wa sentimita 11.

Tusidanganyane pia kwa kuliita jiko hili nishati safi. Moshi umepungua, haujakwisha. Mama lishe anayeinama juu yake siku nzima bado anavuta hewa mbaya kuliko mwenzake wa gesi, na siku atakapoweza kubeba gesi mnadani afanye hivyo.

Kinachotakiwa kufanywa na wakubwa si kikubwa. SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya VETA vina karakana na walimu. Watoe violezo vya karatasi ngumu vyenye umbo halisi la kila kipande, ambavyo fundi analaza juu ya bati na kuchora. Fundi mwenye kiolezo hahitaji kusoma kanuni za Winiarski, na jiko lake la hamsini litakuwa sawa na la kwanza. Semina za siku tatu zenye posho na chai tumekuwa nazo nyingi. Kiolezo kinabaki ukutani semina ikiisha.

Kwa upande wa wanunuzi, wasinunue kwa kuangalia rangi. Mteja amwombe fundi apime kuni kilo 1 kwenye mizani, awashe jiko mbele yake, na achemshe lita 3 za maji kwenye sufuria yenye mfuniko. Jiko zuri litachemsha na kubakiza kuni nyingi kwenye mizani. Kwa hesabu tuliyofanya, gramu 210 hadi 250 ndizo zinazopaswa kutumika, na tukimwongezea fundi za kuwashia na za upepo, hata 350 zinavumilika. Likila 600, hayo ni mafiga yaliyovalishwa bati, na bei yake iwe ya bati.

Vikundi vya warina asali na vyama vya wavuvi vina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Kikundi cha watu thelathini kikiagiza majiko kumi kwa pamoja, fundi anaweza kununua pipa zima na kushusha bei. Oda itolewe miezi miwili kabla ya msimu, nusu ya malipo ibaki mpaka majiko mawili ya kwanza yapikiwe ugali na maharage mbele ya wanachama, na vyumba vitano vya akiba viingizwe kwenye bei hiyo hiyo kabla baiskeli hazijaelekea porini.